Maji ya Olkaria Hayana Adabu

Mume wangu amesema jambo hili sasa liishe, kwa hiyo naliandika. Pete yangu ya ndoa imekuwa nyeusi. Si weusi wa pembeni wa kusingizia masizi ya jiko. Ni nyeusi tititi, na iligeuka hivyo mbele ya wakwe wapya, ndani ya bwawa, huku wifi yangu ameushika mkono wangu na kuuinua juu ili na waliokaa ukingoni waone.

Tulikuwa tumepeleka Naivasha posa ya mtoto wa kaka yake mume wangu. Basi dogo lilitoka Majengo ya Meru kabla ya adhana ya alfajiri, likashukia Chuka, likapita Majengo ya Embu kubeba nusu ya pili ya ukoo, ile isiyojua kunong'ona. Posa ikapokelewa vizuri, pilau ikaliwa, na wenyeji wakaapa kwamba mgeni haondoki Naivasha bila kupelekwa Olkaria akaoge maji ya moto. Wanaume wakabaki ukingoni na nyama yao. Sisi wanawake tukaingia na nguo zetu za stara, maji yakatufika kifuani, na habari za ukoo zikaanza kusomwa.

Niseme kidogo kuhusu maji hayo, maana hata kwa hasira niliyo nayo bado yananishangaza. Chini ya Olkaria ardhi haijapoa. Watu walianza kuchimba huko miaka ya 1950 wakatoka mikono mitupu; umeme wa kwanza ukapatikana mwaka 1981, mtambo wa megawati 15. Siku hizi kisima kinaweza kwenda chini kilomita tatu, mahali ambapo joto linapita nyuzi 300. Hapo maji yangekuwa mvuke mtupu lakini uzito wa yaliyo juu yake unayakandamiza, yanabaki maji. Yakipewa njia ya kupanda, mgandamizo unalegea na sehemu yake inalipuka kuwa mvuke. Mvuke unapelekwa kuzungusha mitambo. Maji yanayobaki yamebeba vyote yalivyoyeyusha huko chini, na ndiyo yanayopozwa mpaka binadamu aweze kuingia bila kuiva. Ile rangi ya samawati inayopendeza kwenye picha haikutiwa dawa. Ni chembechembe za silika zinazotawanya mwanga. Aisilandi nako wana bwawa la namna hiyo, watu hupanda ndege kulifuata.

Na maji hayo yana harufu ya yai viza. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo pua huinasa hata ikiwa kidogo kupita kiasi. Nilidhani ni ya kunusa tu. Kumbe gesi hiyo ina ugomvi wake na madini ya fedha: salfa inaikamata fedha, na juu yake unajengeka utando mweusi. Ndiyo sababu kijiko cha fedha hakiliwi yai. Dhahabu haishughuliki. Waweza kuilaza humo ikaamka inang'aa.

Pete yangu ni dhahabu nyeupe. Ndivyo ilivyotajwa siku ya nikahi, kwa sauti, mashahidi wakisikia: mahari, pete ya dhahabu nyeupe.

Wifi alikuwa katikati ya habari zake. Umbea na maji ya moto havikuanzia kwake: huko Ulaya, katika karne ya 19, miji ya maji ya moto ilikuwa ikichapisha orodha ya wageni waliofika, jina na cheo, na kina mama wenye mabinti waliisoma kwa makini kuliko msahafu wao. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza miji 11 ya namna hiyo katika Urithi wa Dunia, Baden-Baden na Karlovy Vary zikiwamo. Ukoo wetu hauhitaji kuchapisha kitu, una wifi. Alikuwa ameshawapa wakwe habari za nani ameachika, nani amejenga Nkubu kwa mkopo, na mtoto wa nani kafeli kisha akasemekana yuko chuo, ndipo akakamata mkono wangu kuwaonyesha ndugu yake alivyonioa kwa heshima.

Akanyamaza. Wifi, kunyamaza! Bwawa zima likageuka kutazama kilichomnyamazisha.

"Hii," akasema bibi yake bi harusi, "ni fedha, mwanangu." Hakusema kwa ubaya. Ni mama aliyemaliza magoti yake kwenye mashamba ya maua, amekuja kuyakanda kwa kiingilio alicholipa mwenyewe. Ilhali huko Ujerumani daktari anaweza kumwandikia mgonjwa wa viungo majuma ya kuoga maji kama hayo, bima ikalipa sehemu.

Ndani ya pete mna namba 925. Mume wangu aliwahi kuniambia ni namba ya risiti. Nimeuliza: dhahabu ya karati 18 hupigwa 750, kwa kuwa sehemu 750 katika 1,000 ni dhahabu. Alama ya 925 ni ya fedha.

Sasa hapa kicheko kinanikauka. Kifungua mimba wetu alipoitwa sekondari, nilitaka kuiuza pete hiyo. Mahari ni mali ya mke, na mama yangu alinifundisha kwamba dhahabu ya mwanamke ni benki yake ya siku ya dhiki. Baba watoto akakataa katakata: pete ya ndoa haiuzwi, nitamvunjia heshima. Nikakopa chama, kwa riba, nikailipa kwa mahamri ya alfajiri mpaka vidole vikawa havikunjiki. Kwenye basi la kurudi nilimwuliza, "Ulijua?" Akatazama dirishani hadi Thika. Mtu asiyejua huuliza, "Kujua nini?"

Baadaye lawama zote akamtwika sonara, ambaye kwa bahati alifunga duka zamani. Sikubishana. Nilimkumbusha tu, akiwa na kikombe mdomoni, kwamba ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imeweka makadhi kwa mambo ya ndoa, talaka na urithi.

Mengine ya safari hayana uzito. Simu ya shangazi iliingia majini ikiwa bado inarekodi. Gurudumu lilipasuka Makutano. Mtu alikalia keki ya wakwe na mpaka leo hajajitaja, ingawa nguo yake inajulikana.

Lakini kabla hatujatoka bwawani, bibi yule aliomba aione pete ya uchumba tuliyomletea mjukuu wake. Akaizamisha mwenyewe, akaishikilia humo, midomo ikicheza kana kwamba anasoma uradi. Hakuna mtu wa Meru wala wa Embu aliyepumua. Ikatoka njano vilevile. Kijana wetu ameinunua kwa mshahara wake na ana karatasi yake. Hakumrithi baba yake mdogo. Vigelegele vikapigwa, na wifi akapata tena sauti.

Baba watoto ameanza kulipa. Ameleta mbuzi. Kwa bei ya dhahabu ya sasa, nimempigia hesabu, mbuzi huyo hafiki gramu mbili. Tena anachechemea.