Mgeni Dirishani: Namna ya Kumpokea Ndege Usiyemjua, Butembo na Beni

Kwanza, weka manati chini. Ndege wa ajabu akitua kwenye mwavoka wa Butembo, watoto watatu wameshaokota mawe kabla hata mmoja hajauliza huyo ni ndege gani. Mgeni hapokewi hivyo. Vuta kiti karibu na dirisha, tulia, umwache akuzoee.

Kabla ya kumtafuta wa ajabu, wajue wa nyumbani. Yule mweusi kwa mweupe anayetembea juu ya mabati akitikisa mkia kutwa nzima ni wa kila siku. Kunguru mwenye kifua cheupe, vilevile. Na mwewe anayezunguka juu ya uwanja akipigia hesabu vifaranga vya mama wa jirani. Kuzumburu nao, wale wa rangi ya vumbi wenye kishungi na mkia mrefu, ni wenyeji: wanakuja kundi zima, wananing'inia kwenye papai moja miguu juu na tumbo nje, wanakula mpaka libaki ganda. Waachie papai la juu kabisa. Ukishawazoea hawa, siku akija asiye wao jicho litamkamata lenyewe.

Yule mweusi kwa mweupe ana kesi yake. Akianza kugonga kioo cha dirisha alfajiri, utasikia watu wakisema msiba uko njiani. Hakuna msiba. Ameona sura yake kwenye kioo, amedhani ni dume mwingine amekuja kumnyang'anya kiwanja, na kesi za viwanja sisi wa huku tunazielewa. Kioo cha pikipiki atakipiga hivyohivyo. Tundika kitambaa upande wa nje wa kioo. Pazia la ndani halisaidii, bado atajiona. Baada ya siku kadhaa hasira itamtoka.

Bundi naye asifukuzwe. Yule mwenye uso mweupe, anayelala kwenye dari za makanisa, anakula panya, na panya ndio wanaokula mahindi na maharagwe yako. Ukisikia sauti yake usiku, lala salama, ghala lina mlinzi.

Sasa wageni wenyewe. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na baridi yake unaijua. Hapo mtafute chozi dume mwenye mkia mrefu: kwa mbali ni mweusi tu, jua likimpiga anawaka shaba na kijani. Anapenda utamu wa maua, na ua la mgomba ni mgahawa wake, basi usiharakishe kulikata. Beni, kilomita 54 hivi kaskazini, iko chini zaidi, ina joto, na msitu uko karibu. Huko, hasa pembezoni penye miti mirefu, hondohondo akipita utasikia mabawa yake yakivuma kabla hujamwona. Na ukibahatika, atatua yule mkubwa wa bluu mwenye kishungi cheusi na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu. Haruki sana; anapanda tawi kwa tawi akikimbia kama tumbili. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, tazama nyaya za umeme pia: baadhi ya mbayuwayu waliopanga mstari pale wametoka Ulaya.

Nasisitiza dirisha kwa sababu. Tangu mauaji yaanze eneo la Beni mwezi Oktoba 2014, njia nyingi za shamba na msitu zimefungwa kwa hofu. Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ipo jirani na wengi wetu hatuikanyagi. Lakini ndege hawasimami kwenye kizuizi. Wanakuja wenyewe hadi uani, na aliyekimbia kijiji chake ana haki ya kuwaona.

Weka daftari karibu. Andika tarehe, saa, mti aliotua, rangi ya mdomo. Unyoya ukianguka, uhifadhi. Mwaka 1913, huko Avakubi katika msitu wa Ituri, Mmarekani James Chapin alipata unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji, asijue ni wa ndege gani. Jibu alilipata mwaka 1936 kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji: ndege wawili waliokaushwa, wakiwa wameandikwa kuwa ni tausi wa India wachanga. Kumbe ni tausi wa Kongo, ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua. Mwenye kofia alikuwa ametangulia.

Mgeni mmoja tu usimtangaze: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Wategaji humnasa kwa ulimbo, ingawa tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku huyo wa porini imepigwa marufuku. Kundi likipita jioni likipiga miluzi, toa watoto nje waone, hesabuni pamoja. Na akija mtu mlangoni kuulizia ni mti gani wanalala, mwonyeshe njia ya sokoni.