Namna ya Kugeuza Nyumba ya Shamba Kuwa Baa Bila Kuiua

Kwanza, inama. Milango ya nyumba za kale za wakulima kule Yorkshire, Uingereza, ni mifupi, na utapiga hodi kwa paji la uso mara tatu kabla hujaizoea. Usiirefushe. Nyumba ikishaorodheshwa kuwa urithi, kuibadili bila kibali ni kosa la jinai, na sheria ya 1990 inaruhusu kifungo cha hadi miaka miwili. Na popo wakiwa darini, hao ndio wenyeji wako: wanalindwa na sheria tangu 1981. Kodi hawalipi, na kuwafukuza huwezi.

Pili, fundi akija na mfuko wa saruji, mpe chai, mshukuru, mrudishe kwao. Hapa sina mzaha hata chembe. Ukuta wa nyumba hizo ni kuta mbili za mawe zilizosimama sambamba, katikati pamejazwa vifusi, na kilichoshikilia yote ni chokaa au udongo. Maji ya mvua huingia kidogo, kisha hutokea kwenye chokaa na kukauka kwa upepo. Ukiziba kwa saruji, maji yanakosa njia. Yanabaki ndani ya jiwe, baridi inayagandisha, na uso wa jiwe unabanduka kama gamba. Nyumba iliyohimili karne tatu inaugua kwa sababu ya mtu aliyetaka kuikarabati upesi. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa haya. Ameona kuta za matumbawe zikipasuka kwa dawa hiyo hiyo. Tafuta mwashi anayejua chokaa, umsubiri hata mwaka mzima.

Zizi lifanye ukumbi, na mabamba ya mawe sakafuni yaache na makunyanzi yake. Meza zitayumba. Kunja kikaratasi, weka chini ya mguu.

Usikimbilie kununua mtambo wa kupozea kabla hujapima joto la chumba cha maziwa. Wakulima walikiweka upande wa kaskazini, kusikopigwa na jua, ili siagi isiyeyuke. Bia ya pipa ya Kiingereza, ile inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa lake, inataka nyuzi 11 hadi 13 tu. Mke wa mkulima alikwisha kukutengenezea ghala.

Mwisho, moto. Kiti cha karibu na dohani ni cha mzee wa kijiji, na zulia lililo mbele yake ni la mbwa wake, usilipangie meza. Halafu kumbuka yaliyoipata Tan Hill Inn, baa iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528 kutoka usawa wa bahari. Novemba 2021 theluji iliwafungia humo wateja zaidi ya 60 kwa usiku tatu. Kwa hiyo nunua kuni mara mbili ya ulivyopanga, na magodoro.