Semina ya Ushirikiano

Ofisi moja hapa Moshi imewapeleka watumishi hotelini wakafundishwe kufanya kazi kwa pamoja. Wamepuliza maputo, wamejenga mnara wa makaroni, wamegawanywa makundi: Simba, Chui, Tembo. Bosi alifungua semina, akapigwa picha, akaondoka. Tatizo lenyewe, jalada lililokwama mezani kwake, halikuguswa. Halikuwemo kwenye ratiba.

Huko juu mlimani, Wachagga wamechimba mifongo, yaani mifereji ya maji, tangu karne zilizopita, maji yakashuka kutoka msituni hadi migombani bila projekta. Asiyefika na jembe siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini au hukosa zamu ya maji, hata awe na cheti cha uongozi.

Bosi, saini jalada. Posho ya semina tutakusamehe.