Sifa za Kadi Iliyogoma

Kati ya wageni wote wanaoshuka kwenye basi la Mpanda, hakuna anayestahili heshima kama kadi ya grafiki ya mtumba inayoelekea Kawajense. Imetoka Kariakoo, imepita Dodoma, imepita Tabora, imekata zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya boksi la sabuni. Ikifika inachomekwa kwenye kompyuta, swichi inabonyezwa, feni zinazunguka, na kioo kinabaki cheusi tii. Hapo ndipo wema wake unapoanza.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza ukoo, na ukoo wa kadi hii si wa kubahatisha. Nvidia walipotoa GeForce 256 mwaka 1999 waliitangaza kuwa GPU ya kwanza duniani. Ndugu zake wa siku hizi wamejazwa kwenye majumba ya seva wakifundisha akili unde. Anayeletwa Kawajense, GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016, ana jukumu zito zaidi: kuharakisha video za harusi na sendofu mchana, na usiku kuchezesha GTA.

Wengine katika ukoo huo walikuwa wachimbaji. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliachana na uchimbaji wa kutumia kadi, na mitambo iliyokuwa ikichemka usiku na mchana ikatafutiwa wanunuzi. Mpanda, mji uliojengewa reli kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi, hauwezi kumdharau mchimbaji mstaafu, hata akifika na feni inayokoroma.

Fadhila yake ya kwanza ni kurudisha hesabu kwa watu walioiacha shuleni. Sloti ya mazabodi inatoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi lazima iletewe waya wake kutoka pawa saplai: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza 150. Sasa mtu ana Dell OptiPlex 7010, mtumba wa ofisini wa toleo la 2012, lile kava refu lenye pawa saplai ya wati 275. Amenunua Radeon RX 580 kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Kadi hiyo peke yake inakula wati 185 na mara nyingi inadai ule waya wa pini 8. Anafungua kava, anapekua kila fungu la nyaya, haoni kitu, kwa kuwa Dell hawakuuweka. Simu ingemficha mambo haya yote. Televisheni ingemwacha azeeke bila kujua. Kadi iliyogoma inamkalisha chini: prosesa ya Core i5-3470 wati 77, kadi 185, jumla 262, zimebaki 13 za kugawana diski, ramu, feni na mazabodi yenyewe. Mwenye 1050 Ti huwa na ahueni, maana hiyo hula wati 75 na nyingi hazihitaji waya wa ziada, ingawa hata kwake Nvidia walishauri pawa saplai ya wati 300.

Hesabu haiishii ndani ya kava. RX 580 ikikimbizwa kwa nguvu zote saa tano hutafuna karibu uniti moja ya Luku, na mama mwenye nyumba anaanza kuuliza maswali ya kihandisi.

Mji wenyewe ulishaandaliwa kwa masomo haya. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, kwa hiyo giza si jambo la kumshangaza mtu. Ila giza la kadi lina ustaarabu wake: taa ya mbele inawaka, feni inavuma, ni kioo tu kilichonyamaza.

Unyenyekevu nao hupatikana humo humo. Sababu mojawapo ya kawaida kabisa ni waya wa monita kuachwa palepale ulipokuwa jana, kwenye tundu la mazabodi, wakati kadi mpya ina matundu yake chini kidogo. Mashine nyingi zikishaitambua kadi huzima tundu la zamani. Fundi anakuja, anachungulia nyuma, anahamisha waya, anapokea pesa yake bila kulegeza skrubu hata moja. Ni malipo halali kabisa. Kujua pa kutazama ndiyo kazi.

Fundi naye ana siku yake. Monita nyingi za nyumbani bado ni za VGA, na kuanzia kizazi cha 1050 Ti Nvidia waliacha kutoa picha ya analogi. Kile kiadapta cheupe cha DVI kwenda VGA kilichookoa watu miaka yote kina pini nne ndogo zinazouzunguka ule ubapa wa pembeni. Tundu la kadi hii lina mwanya wa ubapa peke yake. Kiadapta kinasukumwa, kinageuzwa, kinasukumwa tena, na kuna wanaokata zile pini kwa koleo wakaona kimeingia vizuri. Kioo hakiwaki, kwa sababu pini walizokata ndizo zilizokuwa zibebe picha. Dawa ni kiadapta cha HDMI chenye chipu ya kutafsiri ndani yake.

Tena kadi hugomea uongo. Sokoni zimo zilizobandikwa jina la 1050 Ti na kuandikiwa BIOS ya kughushi, huku ndani zikiwa na chipu za ukoo wa GTS 450 ya mwaka 2010. Windows husoma jina ikaamini. Kadi yenyewe haikubali: ikiwekewa draiva mpya inakataa, mchezo ukifunguliwa mashine inajizima. Programu ndogo ya GPU-Z ilianza mwaka 2018 kuzitaja waziwazi kuwa feki.

Halafu kuna ujirani. Kadi inayofanya kazi humfungia kijana chumbani; iliyogoma humtoa nje akazungumze na watu. Mmoja anakuja na bloa ya kupulizia vumbi, mwingine anaazima pawa saplai, mtoto wa shule anatoa kifutio cha penseli ili wasugue meno ya dhahabu ya kadi. Yupo pia anayesisitiza wapige window upya. Ushauri huo hutolewa kwa kila ugonjwa, hata pale mashine haijafika hatua ya kuonyesha herufi moja.

Anayehofia kwamba kioo kikiwaka neema itakoma, atulie. Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za OptiPlex 7010 hazimo katika orodha yao ya Windows 11. Mwezi huohuo Nvidia walifunga masasisho ya draiva za michezo kwa kizazi cha 1050 Ti, wakabakiza ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Na mwenye RX 580 ameshaanza kuulizia bei ya pawa saplai ya wati 500.