Sifa za "Ombi Lako Linasubiri Idhini"

Washairi wetu wamesifu bahari, wamesifu karafuu, wamesifu hata watawala. Hakuna aliyekumbuka ujumbe ule mfupi unaompokea mtu aliyejitolea kuandika au kutafsiri miongozo ya programu huria: "Ombi lako linasubiri idhini." Acha niutendee haki nikiwa hapa Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge.

Ubora wake utauona ukiulinganisha na kasoro za umuganda wetu, kazi ya pamoja ya jamii hapa Rwanda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, mtu anafika na jembe, anaonyeshwa mtaro, anachimba. Hakuna anayemwuliza amewahi kuchimba mitaro mingapi, wala nani anamdhamini. Ustaarabu gani huu? Mtaro unasafishwa siku hiyohiyo na mgeni anarudi kwake akijiona mwenyeji. Hata nafasi ya kujuta hapewi.

Wenzetu wa programu huria wana adabu zaidi. Kijana anasoma mwongozo, anakuta "bofywa" palipotakiwa "bofya". Anafungua akaunti, anafuta herufi moja, anatuma ombi mabadiliko yake yaunganishwe. Roboti inamkaribisha kwa bashasha na kumtaka asaini mkataba wa wachangiaji, ukurasa mzima wa Kiingereza cha mawakili, kwa ajili ya "w" moja. Anasaini. Vipimo vya kiotomatiki navyo havianzi mpaka msimamizi aruhusu, na hapa sitanii: GitHub, jukwaa linalohifadhi miradi mingi ya namna hiyo, iliwawekea wageni sharti hilo mwaka 2021, baada ya wezi kutumia mitambo yake ya bure kuchimba sarafu za kidijitali. Msimamizi yuko wapi? Yuko kwenye kazi inayomlipa. Mradi haumpi hata nauli. Kijana anangoja. Siku 60 zikipita kimya inakuja roboti ya pili, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida hulibandika ombi lebo kwamba limechacha, na siku 7 baadaye hulifunga kwa kukosa mwendelezo. Aliyengojwa haulizwi kitu. Aliyengoja ndiye anayefungiwa, na "bofywa" inabaki palepale, urithi wa vizazi vijavyo.

Msidhani nasifu bure, ushahidi upo. Kamusi elezo ya Nupedia, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilipitisha kila makala katika hatua 7 za ukaguzi na kupendelea waandishi wenye shahada za udaktari. Mwaka wa kwanza ilikamilisha makala 21. Nani angeilaumu kwa makosa? Ingekosea wapi? Mdogo wake mtukutu, Wikipedia, akaanza Januari 2001 kwa kuwaacha watu waandike tu, na sasa kuna hata Wikipedia ya Kiswahili na ya Kinyarwanda. Nani atazisoma zote?

Debian, mradi wa mfumo huria wa Linux, nayo ipewe heko. Tangu 2010 inawapokea kama wanachama kamili hata wasioandika msimbo, wakiwemo waandishi wa miongozo na wafasiri. Ila kwa kawaida ufunguo wako wa kidijitali sharti utiwe saini na mwanachama aliyekutana nawe ana kwa ana. Kwa mtu wa Berlin hiyo ni safari ya treni. Kwa mtu wa Rwezamenyo ni sababu nzuri ya kuomba viza.

Na wanaokereka na ucheleweshaji wasikie habari ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuichangia mwishoni mwa 2021. Mwaka 2022 akaunti zisizojulikana zikamwandama msimamizi wa programu hiyo, mtu mmoja aliyechoka, kwamba ni mzito na awapishe wengine. Jia Tan akapewa funguo. Mapema 2024 mlango wa siri ukapenyezwa ndani, ukagunduliwa mwezi Machi kwa sababu mhandisi Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde ya kucheleweshwa iliokoa seva za dunia. Fikirieni miezi miwili ya kungoja idhini ingefanya nini! (Wakorofi watasema Jia Tan naye alingoja, zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo lango hili huwachosha wenye nia njema na kumpitisha mwenye nia mbaya aliye na subira. Wakorofi sitawajibu.)

Kwa hiyo, wasimamizi, nawasihi msibadilishe kitu. Msimpe mgeni jina la mtu wa kumwuliza. Msimtengee ukurasa wa kujaribia mkono. Msithubutu kuandika popote kwamba kusahihisha herufi moja hakuhitaji mkataba. Na wewe msomaji unayetaka kusaidia leo hii, Wikipedia ya Kiswahili itapokea sahihisho lako hata bila kujiandikisha. Aibu hiyo ni yao.