Wa Kujitolea Wawili

Mgeni wetu katoka Ujerumani kuja kujitolea Buguruni mwaka mzima. Mungu ambariki. Shida zake tunazijua, maana hutusimulia zote: umeme kukatika, maji kutotoka, na konda pale kituo cha Sheli anayemshindilia ndani ya daladala kama gunia la mkaa, "Sogea nyuma dada, nafasi ipo!" Sisi tuliopanda magari hayo tangu tukibebwa mgongoni tunampa pole, tena kwa dhati. Sokoni akitajiwa bei ya ndizi mara tatu ya yetu, analipa huku akisifu ukarimu wa Waswahili.

Ana kibali cha ukaazi daraja C, kakilipia mwenyewe. Mtu analipa ili afanye kazi bure! Kundi la kwanza la wajitoleaji wa Kimarekani wa Peace Corps lililokuja Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walikuja kupima barabara. Huyu wetu alikuja ndio kwanza kamaliza sekondari, kapewa darasa la tatu alifundishe Kiingereza, lugha isiyo yake wala yetu.

Darasa la jirani yupo mwalimu mwingine wa kujitolea, mzaliwa wa Kwa Mnyamani, mwenye shahada ya ualimu, anayesubiri ajira za serikali. Yeye kwa shida za daladala hapewi pole. Juzi, mwaka wake ulipoisha, mgeni kaagwa kwa keki, kanga na picha tele. Aliyeshika simu kupiga picha ni mwalimu yuleyule, na Jumatatu vipindi vyote vya Kiingereza kaongezewa yeye.