Angalia Tu, Usiguse

Neno "angalia" lina ujanja wake. Ukimwambia jirani "niangalizie mtoto," hutarajii urudi umkute kakaa kibarazani anamtazama tu mwanao akila mchanga. Ukimwambia fundi wa gari "hebu angalia tu huo mlio," unajua kabisa ukirudi utakuta boneti iko wazi, nati zimepangwa juu ya gazeti, na fundi anakuuliza kama una elfu ishirini ya gasketi. Kwetu kuangalia ni nusu ya kushika. Nalijua hilo tangu utotoni, ila siku nilipomkabidhi msaidizi wa akili mnemba mafaili ya programu yangu nikamwambia "niangalizie," nilisahau kwamba naye lugha kajifunza kwa watu.

Programu yenyewe si kubwa. Inawatumia abiria wa basi moja la mikoani meseji ya kuwakumbusha saa ya safari. Niliiandika miaka mitatu iliyopita, usiku, nikiwa na njaa. Ndiyo maana humo ndani mna "chipsi", mna "chipsi2", na mna "mayaiTayari", ambayo hadi leo sijui inahifadhi nini. Nilitaka msaidizi aisome, anieleze mimi mwenyewe niliandika nini. Basi.

Alianza kwa adabu. Nifungue faili hili? Ruksa. Nitazame folda hii? Ruksa. Mara ya kumi na moja nikachoka kama mlinzi wa geti wakati wafanyakazi wanatoka, nikabonyeza kile kitufe cha "ruhusu yote, usiulize tena." Nikaenda kununua mihogo.

Kurudi, nikakuta ripoti ndefu na nzuri. Sikuifikisha mwisho. Nilikuwa na kazi yangu nyingine pembeni, nikaikusanya kwa Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo: git add na nukta yake. Nukta ile ni kama trekta la taka: inazoa kila kilichobadilika, chako na kisicho chako. Nikapeleka kwenye seva, nikalala.

Kesho yake, saa 6 kasorobo mchana, karani wa basi akapiga simu. "Kaka, kuna mzee hapa ana meseji yako. Hebu ongea naye."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Basi liko wapi? Mimi nimewahi."

Basi lilikuwa limeondoka saa 12 alfajiri, kama kila siku, na wakati ule lilikuwa limeshaiacha Morogoro nyuma. Meseji yangu ilimwambia litaondoka "saa 6 asubuhi." Nikamuuliza kwa upole kama hakushangaa kuona saa 6 ikiitwa asubuhi.

"Nilishangaa," akasema. "Lakini nyinyi vijana wa kompyuta mnalala mchana. Nikajua kwako bado ni asubuhi. Nikakusamehe."

Nikafungua kumbukumbu za Git. Rangi nyekundu, kilichotolewa: mstari mmoja, saa = saa - 6. Rangi ya kijani, kilichoingizwa: maelezo kwamba kosa la ukanda wa saa limerekebishwa. Ukiisoma hoja ya msaidizi humlaumu. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa. Hiyo 6 imetoka wapi?

Imetoka kwa bibi yangu. Imetoka kwa kila Mswahili anayeanza kuhesabu jua likichomoza, akaiita saa 2 asubuhi ile ambayo simu inaiandika 08:00. Kompyuta ikisema 14:00, toa 6, saa 8 mchana. Ikisema 06:00, toa 6, unabaki na sifuri, nasi sifuri hiyo tunaiita saa 12. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Kwenye faili sikuandika hata neno moja la kuyaeleza.

Nikaapa kufunga milango. Kwanza nilitumia chmod, amri ya kuyanyima mafaili ruhusa ya kuandikwa, nikajiona nimemaliza. Kumbe msaidizi anafanya kazi kwa jina langu, ndani ya kompyuta yangu. Nilichokifunga kwa chmod, naye anakifungua kwa chmod. Ni kufunga friji halafu ufunguo ukauweka juu ya friji.

Sasa namwasha katika hali ya kusoma tu, bila kumpa kalamu. Kabla hajaanza nahifadhi kila kitu kwenye Git. Akimaliza naandika git status, nijibiwe kama kuna kilichoguswa. Linus Torvalds aliiunda Git mwaka 2005 kwa ajili ya umati wa watu wanaoandika Linux kwa pamoja. Mimi naitumia kumlinda mtu mmoja wa Tabata dhidi ya uvivu wake mwenyewe. Na mstari ule nimeurudisha, juu yake nimeandika: "Hii 6 si kosa. Muulize bibi."

Nawe ukitaka kuangaliziwa msimbo wako, usiliamini neno "tu". Hilo ni ombi. Ficha kalamu kwanza, kisha usome ripoti mpaka mwisho. Yangu ilikuwa imeyataja mabadiliko yote, katika aya ya mwisho kabisa.

Mzee alisafiri siku iliyofuata, saa 12 alfajiri. Nauli ya pili nililipa mimi.